Mguno wa Mbakweni

Mama yake Nakiete aliacha kuguna, na kwa muda mrefu binti yake aliihesabu hiyo kuwa habari njema.

Kwa anayemjua Bi Namkunda wa Mbakweni, hilo si jambo dogo. Huyu ni mama ambaye hajapata kumwambia mtu "hapana" maishani mwake, wala hajapata kukosa la kupinga. Ukimpelekea jambo asilolipenda, hufunga mdomo, akatoa mguno mmoja mfupi kutoka puani, kisha akaendelea kumenya ndizi zake. Basi, umejibiwa. Upo mguno wa chakula kisichoiva, upo wa mtu anayesema uongo, upo wa mkwe anayejipendekeza. Na upo mmoja ambao Nakiete aliusikia mara moja tu, siku alipofaulu kidato cha sita. Mama aliguna kidogo kwa ndani, akageukia mafiga, na mabega yakamcheza.

Mbakweni nzima huzungumza hivyo, huko juu kwenye milima ya Upare. Mgeni haambiwi hapana usoni, kwani kumwambia hapana ni kumfukuza. Huguniwa, naye kama kalelewa vizuri ataelewa, atamaliza chai yake na kurudi alikotoka.

Sasa tangu Nakiete apewe simu mpya ya kazini kule Dodoma, mama yake akawa mtu wa kukubali kila kitu. Alimwambia kazi zimembana, Krismasi hatapanda. Mama akanyamaza. Mwaka uliofuata akamwambia hivyohivyo, na mama akanyamaza tena, kimya kizuri kisicho na kinyongo. Nakiete alijiambia kuwa uzee hulainisha watu, akashukuru Mungu, akaendelea na mambo yake. Binadamu hachunguzi sana kitu kinachompendeza.

Aliyemtoa tongotongo ni shangazi yake, Nambuya, dada wa marehemu baba, aliyekuja Dodoma kutibiwa macho. Walikuwa mezani, shangazi na kitambaa chake machoni, akila ugali kwa kupapasa, na kama mtu anayeomba chumvi akasema:

"Mama yako anasema siku hizi anakugunia kama anayegunia ukuta. Unaendelea tu na maneno yako. Tulikusomesha, mwanangu, hatukukutuma ukaote pembe."

Nakiete alicheka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Anaguna, shangazi? Kwenye simu?"

"Sasa ataguna wapi, na wewe huendi?"

Usiku ule Nakiete hakulala vizuri. Alizirudia kichwani simu zote, moja baada ya nyingine, na kila alipofika mahali mama aliponyamaza, alihisi kama mtu anayekagua nyumba yake na kukuta kuna mlango ambao hakuuweka yeye.

*

Haikuwa shaka ya mtu asiyejua simu. Nakiete alikuwa fundi wa miundo ya sauti katika Kituo cha Makutano, mali ya Shirika la Sauti Moja, na mkate wake wote ulitoka humo.

Sauti haisafiri mtandaoni ikiwa nzima. Hukatwa vipande, hufungwa, hutumwa, na hufunguliwa upande wa pili. Namna ya kufunga ndiyo inayoitwa muundo. Simu mbili zikikutana, kabla hata kengele haijalia, huulizana kwanza: mwenzangu, wewe unafunga kwa muundo gani? Zikiafikiana, hakuna neno. Zisipoafikiana, zote hukimbilia kituoni, na kituo huwa mkalimani kati yao.

Miundo ilikuwa mingi, ila mafundi waliigawa mafungu mawili na kuipa majina ya jikoni. Simu kuukuu, kama zile za milimani, zilitumia Kapu. Kapu halichagui. Hubeba mpunga pamoja na makapi, maneno pamoja na upepo, jogoo na watoto wanaogombana. Simu mpya za mijini zilitumia Ungo, na Ungo hupepeta. Tena Ungo haukubeba sauti hata kidogo. Ulisikiliza, ukachambua maneno, ukatuma maneno peke yake, na upande wa pili mtambo ukayasema upya kwa sauti ileile ya msemaji, safi kama mtu yuko chumbani. Na msemaji aliponyamaza, Ungo ulitunga kivumo chembamba cha kujaza nafasi, ili msikilizaji asidhani simu imekatika. Mafundi walikiita kimya laini.

Asubuhi Nakiete aliwahi kazini akajifungia chumba cha majaribio. Alichukua simu ya Kapu kwa mkono mmoja na ya Ungo kwa mwingine, akaipigia hii kwa ile, akajirekodi. Alihesabu, na namba zikapita. Alicheka, na kicheko kikapita. Alijiliza kidogo, na kilio kikapita. Alikohoa, na kikohozi kikapotea, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulilalamikia. Kisha akafunga mdomo na kuguna, mguno wa mama yake kabisa, ule wa chakula kisichoiva.

Aliposikiliza alichorekodi, mahali pa mguno palikuwa na kimya laini.

Akaguna tena kwa nguvu, akaguna kwa kuvuta, akaguna mpaka pua ikamuuma. Kila mara Ungo uliupokea mguno wake, ukaupepeta, na kumrudishia kimya kile kizuri kisicho na kinyongo. Hapo alikaa chini. Krismasi mbili, mama yake alikuwa akimwambia njoo nyumbani, na mtambo alioulisha na kuusafisha kwa mikono yake mwenyewe ulimwambia mama ameridhika.

Aliumia, lakini aibu ilizidi maumivu. Na juu ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kwa sababu alipotoka chumbani alipita kwenye ubao wa zamu, akaona jina la kijiji chake.

*

Mbakweni walikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo lililochimbwa na mababu kwenye kiuno cha mlima. Maji ya chemchemi hujaa humo usiku, asubuhi wazee hufungua, na mifereji hugawa maji ya mahindi, maharage na ndizi za kijiji kizima. Ndiva likikauka, Mbakweni imekwisha, na hilo halihitaji msomi kulieleza.

Chini bondeni Shirika la Sauti Moja lilikuwa limejenga jengo la mitambo ya Ungo. Kuzisema upya sauti za nchi nzima kunazalisha joto, na mitambo ile ilikuwa na kiu. Shirika liliomba maji ya ndiva. Serikali haikuwa na ubaya, ilifuata Sheria ya Ridhaa: watu waulizwe katika baraza mara tatu, na Kamishna wa Ridhaa asikilize mwenyewe kwa simu kutoka Dodoma. Pasiposikika sauti ya kupinga mara zote tatu, wamekubali. Mabaraza mawili yalikwisha kufanyika. Yote mawili yaliandikwa kuwa hakuna sauti ya kupinga iliyosikika. La tatu lilikuwa Alhamisi, na fundi wa zamu alikuwa Nakiete.

Alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu. Alijaribu kujiambia kuwa ni bahati mbaya, kwamba mtambo hauna akili ya kuchagua kijiji. Lakini mtambo unaotaka maji ndio huohuo uliokuwa ukisikiliza kama watu wanayakataa, na mtu aliyeona fisi akiwekwa zamu ya kulinda mbuzi hahitaji kuwa mchawi ili aingiwe na wasiwasi.

Alikwenda kwa mkuu wake, Mhandisi Kagaruki, mtu mpole wa maneno na suruali za kunyooshwa, aliyewamiminia chai wafanyakazi wake kwa mkono wake mwenyewe. Nakiete alieleza jaribio lake. Kabla hajamaliza, Kagaruki alikwisha jibu. Alisema mguno si neno. Alisema Ungo uliombwa na watu wenyewe, kwamba tangu uje ugomvi wa simuni umepungua, mahakama zinausifu, na kule milimani kwenyewe zahanati inauombea dua, kwani daktari wa bondeni sasa anamsikia muuguzi hata upepo uvume vipi.

Yote hayo yalikuwa kweli. Ila jibu lilikuja upesi mno, na Nakiete alilelewa na mwanamke aliyemfundisha kuogopa jibu linalotangulia swali.

"Hata kicheko mwanzoni kilipotea," Kagaruki aliongeza. "Watu wakalalamika, tukakirudisha. Kilio vilevile. Hawa wa milimani hawajawahi kulalamika."

"Walilalamika, Mhandisi. Walipiga huduma kwa wateja, wakaguna."

Kagaruki alitazama kikombe chake. Nakiete hakuwa amebahatisha. Sheria ilimkataza fundi kusikiliza maongezi ya watu, lakini vipimo aliruhusiwa kuviona, na alikwisha viona: simu ndefu kutoka milimani, maneno machache, kimya kingi, na kila moja ilifungwa na mtambo kwa maelezo kuwa mteja ameridhika.

Mhandisi aliweka kikombe chini. Akasema basi, yeye si mtu mbaya, kuna njia. Angeweza siku hiyohiyo kuufundisha Ungo kuwa mguno ni neno. Kila mguno ukisikika, mtambo useme "Hapana," kwa sauti ya mwenyewe, wazi, Kamishna asikie.

Nakiete alikaribia kukubali. Neno la ndiyo lilikuwa limefika kwenye meno. Kisha akamkumbuka mama yake akigeukia mafiga, na mguno ule wa kidato cha sita. Huo nao ungekuwa "Hapana." Mama ambaye hajamwambia mtu neno hilo maishani angelitamka siku nzima kwa sauti yake mwenyewe, kwa kila aliyemletea habari njema. Na kulikuwa na jambo jingine lililomtia ubaridi zaidi: wakili yeyote wa Shirika angesimama kesho yake na kuuliza, je, neno hili lilisemwa na mwanakijiji au na mtambo? Lingefutwa, na pamoja nalo mguno wenyewe. Hakuweza kujua kama Kagaruki aliliwaza hilo kabla ya kumpa msaada wake. Uso wake ulikuwa wa mtu mkarimu, na chai ilikuwa tamu.

Alimshukuru, akasema atafikiri.

*

Katika chumba cha majaribio kulikuwa na simu moja kuukuu ya mezani iliyofunga kwa Kapu. Nakiete aliitumia kumpigia mama yake, Kapu kwa Kapu, bila mkalimani katikati.

Kabla mama hajasema chochote, alisikia kuku. Alisikia kuni zikipasuka motoni na pumzi ya mtu aliyeinuka kwa shida kutoka kwenye kigoda. Ilikuwa nyumba yao nzima. Akashindwa kuamkia mpaka mama alipouliza mara ya pili ni nani.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Nakiete."

Mama aliitikia marahaba kwa ubaridi wa mtu anayemwitikia karani. Nakiete akaeleza yote, kwa lugha nyepesi, ungo na kapu na makapi. Mama alisikiliza. Hakumkatiza hata mara moja. Mwishowe Nakiete akamsihi: Alhamisi, Kamishna atakapouliza, aseme kwa mdomo kwamba hawataki. Yeye aseme, na wengine watamfuata.

"Mwanangu, mgeni haambiwi hapana."

"Mama, huyo si mgeni. Ni sauti kwenye spika."

"Ametusalimia?"

"Amewasalimia."

"Na sisi tumeitikia. Basi ni mgeni." Mama alinyamaza, na kimya chake kilikuwa na moto na kuku ndani yake. "Wazee wamekaa wakaguna mbele yake mara mbili. Mtu mzima akiguniwa mara mbili na asijali, kosa si letu. Sasa niambie. Huo mtambo unaotuziba midomo, asubuhi huwashwa na nani?"

Nakiete angeweza kusema Shirika. Angeweza kusema Mhandisi Kagaruki.

"Ni sisi, mama. Ni mimi."

Mama aliguna.

Ulikuwa mguno wa kwanza kumfikia tangu apewe ile simu nzuri, nao haukuwa na huruma. Ulimwambia kuwa haaminiki, kwamba mtoto aliyekunywa maji ya ndiva akaenda kukaa upande wa wenye kiu ana kazi ya kuonyesha yuko wapi. Nakiete alilia palepale na simu sikioni, na mama akamwacha alie, kisha akakata.

*

Njia ilikuwepo, na ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Mtambo unaohudumia laini za milimani ukipata joto kupita kiasi, fundi wa zamu ana ruhusa ya kuupumzisha kwa jina lake mwenyewe. Ukipumzika, Ungo hauna wa kuupepeta. Simu zote hupita kama zilivyo, makapi na yote, hata kwenye simu mpya, kwa kuwa kila simu mpya bado ilijua kufungua Kapu.

Lakini simu zote maana yake ni zote. Na zahanati ya Mbakweni ilikuwa kwenye laini hiyohiyo.

Nakiete alimpigia muuguzi, Eliamini, aliyesoma naye shule ya msingi. Hakumwambia sababu, alimuuliza tu kama Alhamisi wana jambo kubwa. Eliamini alisema ratiba haina kitu, ila ugonjwa hausomi ratiba, na zamani za Kapu aliwahi kumtajia daktari kipimo cha dawa mara kadhaa kwa sababu ya upepo, mpaka akatamani kulia. Nakiete alimshukuru. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu akijiuliza yeye ni nani wa kuamua sauti ipi ni mpunga na ipi ni makapi. Ungo ulikuwa umeamua bila kuuliza mtu. Yeye naye alikuwa anataka kuamua bila kuuliza mtu. Tofauti aliyoiona ilikuwa moja tu, kwamba jina lake lingeandikwa, na hakuwa na hakika kama hiyo inatosha.

Alhamisi aliketi kwenye zamu yake. Baraza ni jambo la hadhara, hivyo fundi huruhusiwa kulisikiliza, na laini yake ya kazi huunganishwa na Kamishna endapo mitambo italeta shida. Kamishna Hokororo alikuwa mzee wa sauti nzito asiye na haraka. Alisalimia. Watu wa Mbakweni wakaitikia, kwa sauti safi, zilizopangika. Alisoma ombi la Shirika lote, akaeleza fidia, akaeleza mabomba. Kila alipotua, palikuwa na kimya laini. Nakiete alikisikia na nywele za mikono zikamsimama, kwa sababu sasa alijua kuna watu humo ndani.

Kamishna alipofika kwenye swali lenyewe, Nakiete aliupumzisha mtambo. Mfumo ulimtaka atoe sababu. Alijua neno la kuweka ni "joto," na hakuna ambaye angebisha. Akaandika: ili watu wasikike.

Upepo wa mlimani uliingia Dodoma. Ukaja na jogoo, na mtoto aliyekuwa akilia mbali, na maji yaliyokuwa yakimwagika ndivani mfululizo.

"Kwa mara ya tatu," alisema Kamishna, "kuna mwenye pingamizi?"

Hakuna aliyesema neno. Kisha ukaanza, chini sana, upande wa wazee, mguno mmoja, na mwingine, na wanawake wakaupokea, na vijana, mpaka ukawa mguno wa watu wote, mdomo umefungwa, mzito, uliotikisa spika ya mezani pa Nakiete. Haukuwa na hasira. Ulikuwa na adabu kabisa.

Mguno ulipotulia, taa ya laini ya kazi iliwaka.

"Fundi. Kuna kelele kwenye laini. Isafishe."

Mlangoni alisimama Mhandisi Kagaruki. Alitazama skrini, akasoma sababu iliyoandikwa, akatazama mikono ya Nakiete.

"Laini ni safi, mheshimiwa," alisema Nakiete. "Hao unaowasikia ni watu."

Kwenye skrini, laini ya zahanati ilianza kumweka. Eliamini alikuwa anapiga simu bondeni. Nakiete aliiona. Kidole chake kilikuwa karibu na kitufe cha kuurudisha mtambo. Aliangalia taa ile ndogo ikimwekameka na akamwomba Mungu upepo utulie.

"Wanasema nini?" aliuliza Kamishna.

Alilijua jibu kama anavyolijua jina lake. Lingetoka kwa pumzi moja. Na kesho lingekuwa neno la fundi mmoja, mzaliwa wa kijiji hicho, aliyechezea mtambo.

"Sina ruhusa ya kuwasemea, mheshimiwa. Waulize tena."

Kagaruki alipiga hatua moja ndani ya chumba, akasita. Labda naye alitaka kusikia. Nakiete hakuwahi kujua.

Kamishna akauliza tena. Wakamgunia tena, na safari hii mwishoni, wengine wote walipokwisha nyamaza, mguno mmoja wa mwanamke ulibaki nyuma, mfupi, wa puani, ule wa mtu anayesema uongo. Nakiete aliutambua. Bi Namkunda alikuwa anamwambia Kamishna wa Ridhaa asijifanye hajasikia.

Kisha ikaja zamu ya Dodoma kunyamaza. Kwa kuwa Ungo ulikuwa umelala, kimya cha Kamishna nacho kilipita chote. Kiti kililia. Miwani iliwekwa juu ya meza. Mzee alivuta pumzi ndefu kwa pua.

"Vikao viwili vilivyopita," alisema taratibu, "mimi nilikuwa nasikiliza nini?"

Kamishna aliahirisha baraza. Alisema halifungi kwa simu tena, atapanda mwenyewe, na vile vikao viwili vya nyuma anataka kuvitazama upya kuanzia kwenye waya. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya mtu aliyeanza kukumbuka mabaraza mengine, ya vijiji vingine, na jinsi yalivyokuwa na utulivu.

*

Kagaruki aliurudisha mtambo kwa mkono wake mwenyewe. Hakufoka. Alinyoosha kiganja, na Nakiete akavua kitambulisho na kumpa. Alipofika mlangoni Mhandisi alimwambia kwa upole kuwa ingekuwa vizuri zaidi kama angekubali lile neno "Hapana," kila mtu angepata alichotaka. Nakiete alimtazama kujaribu kujua kama alikuwa akimaanisha. Hakuweza.

Simu yake mwenyewe ilikuwa ya Ungo. Getini mlinzi alikuwa na simu kuukuu iliyofungwa kwa mpira, naye akamwazima bila maswali mengi. Nakiete alisimama juani, akapiga.

Mama alipokea. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi, bado wako ndivani. Nakiete hakuamkia. Aliuliza kwanza zahanati.

"Mtoto wa jirani, degedege," alisema mama. "Eliamini amerudia maneno mara tatu kabla daktari hajayapata. Amelia. Mtoto amepata dawa, amelala. Lakini kwa muda pale, mwanangu, tuliogopa."

Nakiete aliinamisha kichwa. Akasema amesikia. Akasema pia kazi hana tena, na kwamba kesho anapanda, kama nyumbani bado kuna nafasi.

Mlimani upepo ulivuma, jogoo akawika saa isiyo yake. Kisha mama yake akaguna.

Nakiete alisubiri ajue ni upi. Haukuwa wa chakula kibichi wala wa uongo, na haukuwa ule wa kidato cha sita pia, ingawa ulikuwa na kitu chake kidogo kwa ndani. Mlikuwa na mtoto wa jirani humo, na hofu, na Krismasi mbili. Hakuwahi kuusikia. Angehitaji kwenda akakae karibu na yale mafiga muda mrefu ndipo auelewe, na mlinzi alikuwa tayari anaitaka simu yake, lakini Nakiete aliendelea kuibana sikioni. Mguno ule ulikuwa umetumwa kwake, na umefika wote.